Kuvisifu Vitenzi Ndugu vya Kifaransa

Wanaojifunza Kifaransa wana malalamiko mengi, juu ya matamshi yake yanayopita puani, juu ya herufi zake zinazoandikwa bila kutamkwa, na juu ya majina yake yaliyogawanywa kuwa ya kiume na ya kike pasipo mwenye jina kuulizwa. Lakini malalamiko hayo yote ni mepesi yakilinganishwa na lile linalovihusu vitenzi ndugu, yaani vile vitenzi viwili, vitatu au vinne vinavyosimama pamoja mlangoni mwa maana moja, kila kimoja kikidai kwamba nyumba ni yake na wenziwe ni wapangaji. Mimi naona katika malalamiko hayo utovu mkubwa wa shukrani, na kwa hiyo nimekusudia, kwa uwezo mdogo nilio nao, kuvitetea viumbe hivi vilivyodhulumiwa, na kuonyesha kwamba katika mashaka yote yanayompata mtu anapojifunza lugha ya wenziwe, hakuna yenye manufaa kwa akili, kwa adabu, na hata kwa mifuko ya baadhi ya watu, kama mashaka ya kupambanua kitenzi na nduguye.

Desturi ya wasifu ni kuanza na nasaba, nami sina sababu ya kuivunja, kwa kuwa nasaba ya vitenzi hivi haina doa. Vingi vyao ni wana wa Kilatini. Savoir, ambacho leo ni kujua jambo au kujua kulitenda, kimetokana na kitenzi cha Kirumi kilichokuwa na maana ya kuonja ladha, hata ikawa mwenye hekima, kwa wazee wale, ni mtu ambaye ulimi wake haudanganyiki kwa chakula. Mener, ambacho ni kuongoza, na ambacho ndicho baba wa amener na emmener, kilianza maisha yake machungani, maana asili yake ni kutisha, kwa sababu ng'ombe wa Kirumi, sawasawa na ng'ombe wa nchi nyingine yoyote, hakuwa akienda mbele kwa kuombwa. Entendre, ambacho sasa ni kusikia, asili yake ni kunyosha na kuelekeza kitu, hata mwishowe ikawa kuelekeza sikio na akili. Na kilipokwisha kukaa vizuri katika cheo hicho kilimwondoa mzee ouïr, aliyekuwa akisikia kwa niaba ya Wafaransa tangu kale, akabakiwa na vibarua viwili vitatu tu katika maneno ya mahakamani na ya uvumi.

Wala vitenzi hivi havikukosa walinzi wa daraja. Mwaka 1635 Kadinali Richelieu alianzisha Paris Akademia ya Kifaransa, baraza la watu 40 ambao mpaka leo huitwa wasiokufa, na baraza hilo likatoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1694, baada ya kushauriana kwa muda wa karibu miaka 60, mwendo unaowastahili kweli watu wasiokufa. Padri Dominique Bouhours, bingwa wa sarufi aliyefariki mwaka 1702, husimuliwa kwamba alipokuwa katika sakarati ya mauti aliwaambia waliomzunguka kuwa anakwenda kufa, akalitaja neno la kwenda kwa sura mbili mbalimbali, kisha akawahakikishia kwamba sura zote mbili zinatumika. Mwaka 1718 padri mwingine, Gabriel Girard, alichapisha kitabu cha kuthibitisha kwamba katika Kifaransa hayapatikani maneno mawili yaliyo sawa kabisa, na kwamba kila neno linalodhaniwa kuwa pacha wa jingine lina alama yake mwilini ambayo mwenye macho makini ataiona. Na badala ya kufukuzwa mjini kwa kosa la kuwaongezea watu kazi, mwaka 1744 alikaribishwa kuketi miongoni mwa hao wasiokufa. Na mwaka 1809 kijana aliyeitwa François Guizot alitoa kamusi kubwa ya maneno ya namna hiyo hiyo, akaendelea kupanda vyeo mpaka akawa mkuu wa serikali ya Ufaransa, akaangushwa na mapinduzi ya mwaka 1848; kumbe mtu aweza kuyatenganisha vizuri maneno yanayofanana, na bado akashindwa kuwapatanisha watu wanaotofautiana.

Baada ya nasaba huja fadhila, na fadhila ya kwanza ya vitenzi hivi ni kwamba humlazimisha mtu kuwa mkweli. Kitenzi chetu cha kujua ni karimu kupita kiasi: mtu hujua hesabu, hujua njia ya sokoni, hujua kuogelea, na humjua waziri, yote kwa neno moja, hata msikilizaji asiweze kutambua kama msemaji amekula sinia moja na waziri huyo au amemwona gazetini tu. Kifaransa hakina ukarimu huo. Anayetaka kusema kwamba anajua hana budi kuungama kwanza ni kujua kwa namna gani: ikiwa ni habari au ustadi, atasema kwa savoir, ikiwa ni mtu, mji, au kitu alichopata kukutana nacho, atasema kwa connaître. Atasema je sais nager, kwa kuwa kuogelea kumo mikononi na miguuni mwake. Atasema je connais Paris, kwa kuwa amepata kuzoeana na mitaa yake. Na akitaja shairi, hapo msikilizaji na atege sikio, maana akisema je connais ce poème amedai tu kwamba shairi hilo si geni kwake, lakini akisema je le sais, yeyote aliyepo barazani ana haki ya kumwambia asimame alighani bila ya kitabu. Ni wangapi miongoni mwetu, lau tungelazimishwa kuchagua hivyo kila jioni, tungebaki na marafiki mawaziri?

Wabelgiji, ambao husema Kifaransa hicho hicho kwa desturi zao wenyewe, wameiongezea fadhila hii mapambo, kwa kumpa savoir kazi ya kuweza juu ya kazi yake ya kujua, hata Mbelgiji akasema je ne sais pas venir akiwa na maana kwamba hana nafasi ya kuja, ilhali Mfaransa aliyemwalika huelewa kwamba mgeni wake hajui namna ya kufika, naye kwa uungwana humpelekea ramani.

Fadhila ya pili ni kumfundisha mtu kutazama kabla ya kusema. Sisi, tukitaka kusema habari ya kuleta au kupeleka, hujiuliza swali moja tu, kama jambo linakuja huku au linakwenda kule. Tukishapata jawabu, mtoto huletwa na maji huletwa, mbuzi hupelekwa na barua hupelekwa, wala hatumbagui mwenye roho na asiye nayo. Mfaransa huliuliza swali hilo, kisha huuliza la pili: je, kinachohusika kina miguu yake? Kwa hiyo ana vitenzi vinne pale tulipo na viwili: amener kwa kumleta anayekuja mwenyewe, apporter kwa kukileta kinachobebwa, emmener kwa kuondoka na mtu, na emporter kwa kuondoka na kitu. Na tuseme kuna harusi Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, na mwenye harusi ameamua siku hiyo kuzungumza Kifaransa kwa sababu wakwe wametoka ofisini. Atamwambia jirani yake amlete mtoto kwa amener, hata kama mtoto huyo atabebwa mgongoni njia nzima asikanyage chini hata mara moja, maana sheria haitazami nani amechoka, hutazama nani ni mtu. Atamwambia alete sufuria kwa apporter, hata kama sufuria hiyo imefika kwa baiskeli. Na shughuli itakapokwisha, jirani ataondoka na mtoto kwa emmener, na kwa mkono wa pili ataondoka na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa emporter. Mtu aliyeisema jioni hiyo yote bila ya kukosea amehesabu roho zilizokuwamo na vyombo vilivyokuwamo, na hakuna mpishi wala mshenga aliyefanya hesabu safi kuliko yake.

Wala mambo hayaishii kwenye sufuria. Polisi akimkamata mwizi, Mfaransa husema kwamba amemchukua kwa emmener, kwa kuwa mwizi, apende asipende, anatembea. Lakini maradhi yakimwondoa mtu duniani, husemwa kwamba yamemchukua kwa emporter, kitenzi cha mizigo. Wanafalsafa wameandika majuzuu juu ya tofauti iliyopo baina ya mtu aliye hai na aliyekufa, na sijaona aliyeieleza kwa herufi chache kama hizo. Ni kweli kwamba Wafaransa wenyewe wakiwa mezani huambiana amène le vin, na kwamba maulamaa wao huwakemea kwa hoja kwamba chupa haina miguu. Nao hujibu hoja hiyo kwa kuendelea kunywa.

Fadhila ya tatu ni kulinda ndoa. Kifaransa kina partir, ambacho ni kuondoka. Kina sortir, ambacho ni kutoka nje. Kina laisser, ambacho ni kuacha kitu au mtu mahali. Na kina quitter, ambacho ni kuondoka kwa kumpa kisogo mtu au mahali maalumu, na ambacho hakikubali kusimama bila ya kutaja ni nani au ni wapi palipoachwa. Mume akisema je pars, mkewe atamkunjia nguo za safari. Akisema je sors, mkewe atamuuliza atarudi saa ngapi. Na akisema je te quitte, mkewe atawaita wazee, isipokuwa kama maneno hayo yamesemwa katika simu, maana humo hayazidi kuaga tu mwisho wa mazungumzo. Kadhalika karani wa simu anayemwambia mtu asiyemfahamu ne quittez pas hambembelezi asivunje mapenzi, bali anamwomba asikate simu mpaka mkubwa wa ofisi apatikane. Lugha iliyoweza kukiweka kitenzi kimoja katika talaka na katika simu, na watu wakaelewana, imewafundisha watu wake kusikiliza vizuri.

Na anayeondoka hurudi, nako kurudi kuna milango mitatu. Chukua kijana wa Lubumbashi anayesoma Brussels, anayempigia mama yake simu. Akisema kwa Kiswahili kwamba anarudi, mama hana njia ya kujua kama akamate kuku au afute machozi. Akisema je rentre, amekwisha taja nyumbani kwao bila ya kulitamka neno la nyumba. Akisema je reviens, amemtaja mama mwenyewe, maana huko ni kurudi pale alipo msikilizaji. Na akisema, baada ya likizo, je retourne à Bruxelles, mama ameelewa kwamba mwanawe anarudi alikokuwa, mahali ambapo yeye mama hayupo. Furaha, mapenzi na majonzi yamegawanywa kwa insafu baina ya vitenzi vitatu, na kuku ataishi au hataishi kwa kadiri ya kimoja kilichochaguliwa.

Fadhila ya nne ni usawa wa watu. Katika mambo mengi ya lugha mwenyeji humcheka mgeni, lakini katika se rappeler na se souvenir, vitenzi viwili vya kukumbuka, wote wawili hukaa benchi moja. Kanuni yenyewe ni fupi: cha kwanza hulipokea jambo linalokumbukwa moja kwa moja, na cha pili hakilipokei mpaka kitiwe de katikati. Wafaransa wasio na idadi, waliozaliwa Ufaransa na kunyonyeshwa kwa Kifaransa, husema kila siku je m'en rappelle, wakakitia de kitenzi kisichotaka, na walimu wao huwasahihisha tangu utotoni mpaka uzeeni bila ya kufanikiwa. Ni hekima ya namna gani hii, kwamba katika ukoo mzima wa vitenzi, vile ambavyo kanuni yake husahauliwa kuliko vyote ni vitenzi vya kukumbuka! Mwanafunzi mgeni aliyedharauliwa kwa miaka, siku atakapomsikia mwenyeji akikosea hapo, na asitabasamu kwa ubaya. Ameonyeshwa tu kwamba mlango huu haukuwekwa kwa ajili yake peke yake.

Fadhila ya tano ni adabu, ingawa hapa staha itanifunga ulimi nusu ya maelezo. Zamani Wafaransa walikuwa na kitenzi cha kubusu kilichotumiwa na watu wa heshima bila ya haya. Siku hizi jina linalofanana nacho bado ni safi, na mtu aweza kuliandika mwishoni mwa barua kwa shangazi yake, lakini kitenzi chenyewe kimeteleza mpaka mahali ambapo waandishi wa magazeti hawafiki. Kazi yake ya halali ikachukuliwa na embrasser, kitenzi ambacho ndani yake limo neno la mkono, na ambacho asili yake ni kukumbatia. Nacho kilipokwisha kupanda kutoka mikononi mpaka midomoni, Wafaransa wakabaki bila ya neno jepesi la kila siku la kukumbatia, wakawa hawana budi kusema kwamba wanamchukua mtu mikononi mwao. Aliyejifunza Kifaransa katika tamthilia za karne ya 17, kisha akaalikwa chakula cha jioni na familia ya watu, atakuwa salama zaidi akipeana mikono. Kadhalika watembeza wageni wa Unguja wanajua kwamba Ngome Kongwe huzuriwa kwa visiter, lakini bibi mzaa mama hutembelewa kwa rendre visite, kwa sababu anayemfanyia bibi yake visiter hunukia ukaguzi, kana kwamba amekwenda kufungua makabati yake na kuhesabu vikombe.

Fadhila ya sita, ambayo watu wa heshima huona aibu kuitaja, ni riziki. Kutoka Kisangani mpaka Bukavu, na katika madarasa ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ambamo Kifaransa husomwa kwa hiari, wapo walimu ambao wamejenga nyumba zao, tofali baada ya tofali, kwa zoezi moja tu: sentensi kumi zenye pengo katikati, na juu yake vitenzi viwili katika mabano, ili mwanafunzi achague. Mtunga mitihani aliyekosa jambo la kuuliza huenda moja kwa moja kwa savoir na connaître, akiwa na yakini kwamba hata wakisoma usiku kucha watakosea tu. Mchapaji huchapa, muuza vitabu huuza, na mzazi hulipa. Lau vitenzi ndugu vingepatanishwa leo na kuwa kimoja, kesho watu wengi wema wangekosa kazi.

Wapinzani watasema kwamba Wafaransa hawana msimamo, kwamba watu hawa hawa wanaotoa vitenzi vinne kwa kuleta na kupeleka wana apprendre kimoja kwa kufundisha na kujifunza, hata mwalimu na mwanafunzi wakafanya kazi mbili kwa neno moja. Na kwamba wana louer kimoja kwa kupanga na kupangisha nyumba, ambacho sura yake ni ile ile ya kitenzi kingine chenye maana ya kusifu. Hoja hii ya mwisho imenigusa, maana inafuata kwamba Mfaransa akisoma sifa hizi ninazozitoa, aweza kuuliza kwa haki kama nimevisifu vitenzi vyake au nimevipangisha, na kwa kodi ya kiasi gani. Nami nitamjibu kwamba mpangaji bado hajalipa.

Lakini wapinzani hao, kabla ya kumhukumu jirani, na watazame uani kwetu. Mfaransa husema laver mikono, laver nguo, laver vyombo, laver sakafu, na akijitia mwenyewe majini hujisemea se laver. Kwake maji ni maji na uchafu ni uchafu. Akija pwani kujifunza Kiswahili huambiwa kwamba mikono hunawiwa, mwili huogwa, nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, na sakafu hupigwa deki, na kwamba anayekwenda kuswali hutawadha. Na akithubutu kusema kwamba amefua mikono yake au ameoga shati lake, watoto wa mtaa mzima watamfuata nyuma. Hatujapata kuona kwamba huo ni ukatili. Tunaona kwamba ni usafi. Na kitenzi chetu cha kupiga, kinachopiga simu, pasi, picha, mswaki, hodi na magoti bila ya kumuumiza mtu yeyote, kinatosha kumkosesha usingizi kila mgeni aliyedhani kwamba sisi tunaishi kwa kupigana. Basi kila watu wamechagua mahali pa kugawanya na mahali pa kuunganisha. Wafaransa wamegawanya pale ambapo mtu anajua, anabeba, anaondoka na anakumbuka, nasi tumegawanya pale ambapo maji yanamwagika.

Hukumu yangu, kwa hiyo, ni kwamba vitenzi ndugu vya Kifaransa vimeshtakiwa bure, kwa kuwa kosa lao pekee ni kumuuliza mtu swali kabla hajasema, jambo ambalo wazazi wetu walituhimiza tulifanye wenyewe. Anayejifunza na asiombe vipunguzwe, wala asivifuate katika kamusi moja moja kana kwamba ni mayatima. Avichukue pamoja na sentensi zake, mtoto na amener, sufuria na apporter, na asikubali kamwe kukiandika kitenzi kimoja daftarini bila ya kumwandika nduguye pembeni yake.